Mita Sitini Kutoka Wapi?

Kifungu cha 57 cha Sheria ya Usimamizi wa Mazingira ya mwaka 2004 kinakataza shughuli za kudumu za binadamu ndani ya mita 60 kutoka ukingo wa mto, ufukwe wa bahari au ziwa, au bwawa. Miaka mitano baadaye Sheria ya Usimamizi wa Rasilimali za Maji ikaja na idadi hiyo hiyo. Anayesoma harakaharaka ataona kazi ya kupanga makazi kandokando ya mto imeshamalizwa na Bunge: vuta futikamba, hesabu 60, piga rangi. Ila mkabidhi futikamba hiyo mpima ardhi aliyekomaa, mpeleke kwenye kijito chochote cha Dar es Salaam, na kabla hajaifungua atakuuliza: nianzie wapi?

Mto Msimbazi unatoka kwenye vilima vya Pugu huko Kisarawe, unashuka kama kilomita 35 kupitia Kinyerezi, Tabata, Vingunguti, Kigogo na Jangwani, kisha unaingia Bahari ya Hindi pale Daraja la Salenda. Ikifika Septemba, sehemu nyingi za mkondo wake mtoto wa darasa la tatu anaruka bila kulowanisha ndala. Aprili, masika yakishika kasi, bonde lote linajaa na magari yanazuiwa kupita Jangwani. Sasa ukingo ni upi? Pale maji yalipo siku ya kupima? Pale juu ardhi inapokatika kuelekea mtoni? Au pale maji yalipofika mwaka ule uliokuwa mbaya kupita yote? Kati ya jibu la kwanza na la tatu unaweza kukuta mtaa mzima, na msikiti wake, na shule yake, na vibanda vyake vya chipsi.

Nimepata bahati ya kuandamana na wapimaji na maofisa mipango miji kwenye mabonde haya, mimi nikiwa mtu wa daftari tu, nisiyeaminiwa hata kushika nguzo ya kupimia. Nimetoka huko nikiwahusudu. Wengi wetu tukisikia mipango miji tunawaza mihuri na mafaili yasiyoonekana. Kazi ya kuweka mpaka wa mto inaanzia kwingine kabisa, kwenye tope, na sehemu yake ndefu zaidi ni kutazama.

Mpima mmoja, mtu mzima mwenye kofia ya pama iliyopauka kwa jua, alikuwa na desturi ya kuacha mashine ndani ya gari kwa muda mrefu mwanzoni. Vijana wake walikuwa wakinung'unika chini kwa chini, maana kwao siku ilikuwa inapotea. Yeye anatembea. Mtoni anaangalia juu, kwenye matawi, kwa sababu maji yakipungua huacha mizigo yao huko: kipande cha kanga kilichonasa kwenye mwembe, kiroba kilichojisokota kwenye seng'enge, majani makavu yaliyolalia upande mmoja tu wa ua wa mabati. Upande ambao takataka zimelalia unamwambia maji yalitoka wapi. Akiingia uani anaangalia kuta. Tope la mafuriko linaingia ndani ya tofali, na hata ukipaka chokaa upya, baada ya muda ule mstari unarudi kuchungulia.

Lakini alichokisoma kwa makini kuliko vyote ni vizingiti. Wakazi wa mabondeni wana kawaida ya kupandisha kizingiti cha mlango kila baada ya mafuriko: safu ya tofali, saruji kidogo, na mwaka unaofuata wakiona hakijatosha wanaongeza nyingine. Kuna nyumba niliyoona kizingiti chake kina tabaka tatu, kila moja na rangi yake ya saruji, hata mwenye nyumba anapoingia inabidi ainue mguu kwelikweli halafu ashuke ngazi kuelekea sebuleni. Ndani, soketi za umeme ziko usawa wa bega. Kwenye kenchi kuna ndoano, na juu ya ndoano kuna kamba. Hakuna mtu anayeweka ndoano za kutundikia godoro darini kwa urembo. Mpima anaangalia urefu wa kamba, anaandika. Kwenye kumbukumbu rasmi za mto ule hakukuwa na kipimo cha maji cha eneo lile. Kwenye nyumba zile kilikuwepo, kimejengwa kwa fedha za watu wenyewe.

Halafu anauliza. Hapo nilijifunza kwamba kuuliza nako ni upimaji, na kuna wanaoujua na wasioujua.

"Shikamoo, bibi."

"Marahaba, mwanangu. Mmekuja na rangi ya X?"

"Hapana, bibi. Leo tuna futikamba tu."

"Futikamba ndiyo mama yake rangi," akasema bibi, na bado akamtolea kigoda.

Mpima hakumwambia asiwe na wasiwasi. Angekuwa anamdanganya, na bibi angejua. Alikaa, akaulizia hali, akaulizia wajukuu, akasifia mchicha uliokuwa nyuma ya nyumba. Ndipo akauliza yale mafuriko makubwa yalifika wapi. Bibi akanyoosha mkono kwenye fremu ya dirisha, akasita, akaushusha kwa upana wa vidole viwili. "Hapa. Yaliyofika dirishani ni ya kwa kina Mama Salum, kwao ni chini." Tukaenda kwa kina Mama Salum. Kweli, alama ilikuwa dirishani. Mpima akasimamisha darubini barabarani, akachukua kimo cha sakafu ya nyumba zote mbili, akajumlisha. Uso wa maji kwa maelezo ya bibi na uso wa maji kwa dirisha la jirani vilipishana kwa upana wa vidole vitatu.

Akatabasamu, kwa mara ya kwanza siku ile. Maji yaliyojaa bonde tambarare, kwa umbali mfupi namna ile, uso wake uko karibu usawa mmoja. Kwa hiyo mashahidi wawili wasiosimama sakafu moja wakikupa uso mmoja wa maji, una ushahidi. Shahidi anayesimama peke yake anaangaliwa kwa jicho la pembeni. Pengine maji yake hayakuwa ya mto, yalikuwa ya kalavati lililoziba kwa takataka. Pengine ni gari lililopita kwa kasi likarusha tope ukutani. Kumtofautishia mtu mafuriko ya mto na mafuriko ya mtaro ulioziba kunataka uvumilivu, kwa sababu kwa aliyepoteza friji yake, maji ni maji.

Mafuriko aliyokuwa akiyasema bibi ni yale ya Desemba 2011. Mamlaka ya Hali ya Hewa ilieleza wakati ule kwamba mvua ya namna hiyo ilikuwa haijaonekana jijini tangu 1954. Zaidi ya watu 40 walipoteza maisha. Baada ya hapo Serikali iliwahamishia waathirika wengi Mabwepande, nje ya mji upande wa kaskazini, ikawapa viwanja. Wapo waliobaki huko wakajenga maisha. Wapo waliopiga hesabu ya nauli ya kwenda Kariakoo alfajiri na kurudi usiku, wakarudi bondeni.

Kukusanya kumbukumbu za aina ya bibi yule nyumba kwa nyumba, kwa mji mzima, kungemaliza miaka ya mtu mmoja. Ndiyo maana nauheshimu mradi wa Ramani Huria ulioanza mwaka 2015. Wanafunzi wa Chuo Kikuu Ardhi pamoja na wakazi wa mitaa yenyewe walizunguka na simu na karatasi, wakachora nyumba, vichochoro, mitaro na mahali maji yanapofika, kata baada ya kata, na ramani zikawekwa wazi kwa yeyote kuzitumia. Ndege zisizo na rubani zilipiga picha kutoka juu. Picha ya juu inakuonyesha paa. Haikuonyeshi kamba iliyofungwa kwenye kenchi. Ilibidi mtu aingie ndani, avue viatu, asalimie.

Ushahidi ukishapatikana, kazi inahamia kwa mtaalamu wa maji, na hapa wengi tunapotea njia kwa sababu ya msemo mmoja: mafuriko ya miaka 50. Tunasikia kana kwamba yakishakuja leo tumepumzika hadi wajukuu wetu. Maana yake ni kwamba kila mwaka, bila kujali mwaka jana kulitokea nini, kuna nafasi moja kati ya 50 ya maji kufika kiwango hicho. Piga hesabu kwa nyumba itakayokaliwa miaka 30, na uwezekano wa kuyaona mafuriko hayo angalau mara moja unakaribia asilimia 45. Ni karibu sawa na kurusha sarafu. Ukipanga kwa mafuriko ya miaka 100 badala yake, uwezekano unashuka hadi asilimia 26 hivi, lakini mstari unapanda mlima na unameza nyumba nyingi zaidi. Hakuna hesabu itakayokuambia uchague lipi. Hapo ndipo mtaalamu anapaswa kusema wazi anachagua hatari kiasi gani kwa niaba ya watu wengine, na wazuri niliowaona walikuwa wanakosa raha wanapofika hapo.

Wataalamu hawa wanachukua mkato wa mto kila baada ya umbali fulani: kimo cha kitanda cha mto, kimo cha kingo, upana, na kilichomo ndani ya mkondo. Majani marefu na kuta za uzio hupunguza kasi ya maji, na maji yakipungua kasi yanapanda. Wanaangalia pia kinachotokea juu kabisa ya mto. Paa la bati halinywi maji. Uwanja wa sakafu haunywi maji. Sensa ya 2022 ilihesabu zaidi ya watu milioni 5.3 katika Mkoa wa Dar es Salaam, na wengi wa waliohamia karibuni wamejenga pembezoni, kwenye miinuko ambayo mto na vijito vyake vinaanzia. Kila nyumba mpya kule juu inapeleka maji Jangwani haraka kidogo kuliko msitu uliokuwepo, pamoja na mchanga wake, na mchanga ukijaa kwenye kitanda cha mto maji yale yale yanasimama juu zaidi. Ndiyo maana mstari uliokuwa sahihi zamani unaweza kuwa umepitwa leo bila mtu yeyote kuugusa. Na ndiyo maana mtaalamu mzuri, akimaliza hesabu zake, huongeza kama nusu mita juu ya uso wa maji aliopata, mfano wa fundi cherehani anayeacha pindo kwenye suruali ya mtoto wa shule.

Jambo jingine ambalo futikamba pekee haiwezi kuliona ni tabia ya ukingo wenyewe. Tuchukue kona ya mto, upande wa nje, ambako maji yanagonga. Ukingo una kimo cha mita 4 na umesimama wima, udongo wa kichanga. Udongo huo hautasimama hivyo daima. Utaporomoka mpaka utulie kwenye mteremko, tuseme mita 2 za kulala kwa kila mita 1 ya kimo. Hapo mita 8 zimeshakwenda. Kama mto unakula sentimita 30 kila mwaka kwenye kona hiyo, kwa miaka 50 utakula mita 15. Ongeza mita 6 ili kijiko kiweze kupita siku ya kusafisha mkondo. Jumla mita 29. Vuka sasa upande wa ndani wa kona hiyo hiyo. Huko ardhi ni tambarare, inapanda mita 1 tu kwa kila mita 100. Maji yakipita ukingo kwa mita 1, yanatembea mita 100 ndani ya makazi. Kona moja, mto mmoja, na mita 60 za sheria ni nyingi upande huu na ni chache upande ule.

Nchi jirani zimejaribu kulikabili hili kila moja kwa namna yake. Kanuni za maji za Kenya za mwaka 2007 ziliweka ukanda wa kati ya mita 6 na 30 kulingana na upana wa mto. Uganda, kwa kanuni za mwaka 2000, iliweka mita 100 kwa mito mikubwa iliyoorodheshwa na 30 kwa mingine. Rwanda ilikwenda na mita 10 kwa mito mikubwa na 5 kwa midogo. Mto Mara unavuka mpaka kutoka Kenya kuingia Tanzania, na kisheria kinga yake inaongezeka angalau maradufu pale pale mpakani, wakati maji hayajabadilika hata tone. Usitafute sayansi nyuma ya idadi hizi. Ni makubaliano.

Hata hivyo sitaki nionekane ninaidharau mita 60. Idadi moja isiyobadilika ina heshima yake. Mtendaji wa kata anaweza kuipima bila kompyuta. Mwenye fedha hawezi kuleta mtaalamu wake aje kuthibitisha kwamba mto, mbele ya kiwanja chake tu, ni mpole. Mpaka unaotokana na utaalamu unahitaji mtaalamu asiyenunulika, na hao hawapatikani kila wilaya. Nairobi, Agosti 2018, jengo la Ukay Centre kule Westlands na lile la South End kule Lang'ata yalibomolewa kwa kuwa yalikuwa kwenye ardhi ya mto, huku wenyewe wakisema vibali walipewa. Pale ambapo kanuni zinatofautiana na kila ofisi inashika yake, kibali kinaweza kutoka mlango mmoja na tingatinga likatoka mwingine. Naona idadi ya sheria ifanye kazi ya kulinda mahali ambapo hapajapimwa. Pakishapimwa, kipimo kiwe na sauti kubwa zaidi.

Na vipimo vimekuwepo siku nyingi, angalau kwenye karatasi. Mpango kabambe wa Dar es Salaam wa mwaka 1979 uliitaja ardhi ya bonde la Msimbazi kuwa ya hatari, isiyofaa makazi. Mstari ulichorwa ofisini, ukabaki ofisini. Nguzo hazikusimikwa. Watu wakanunua viwanja kwa karatasi za serikali ya mtaa, wakaweka umeme, wakavuta maji, wengine wakapata leseni za makazi na kulipa kodi ya majengo. Halafu mwishoni mwa 2015 ikaja alama nyekundu ya X na tingatinga nyuma yake. Mimi nina hasira na ile rangi, nakiri, na hasira yangu ina sababu ya kiufundi pia: X inapigwa ukutani, kwenye mali ya mtu, wakati mstari ulipaswa kuonekana ardhini kabla ukuta haujakuwepo. Mpima mwenye kofia ya pama alikuwa na maneno makali zaidi kuhusu hilo, ila aliniomba nisiyaandike.

Ndiyo maana nusu ya pili ya ufundi huu, inayonivutia kuliko ya kwanza, ni swali la kuweka nini kwenye ile nafasi. Ardhi tupu katikati ya mji unaokua haikai tupu. Ukiiacha na bango la "Usijenge Hapa", mwaka wa kwanza anakuja mfyatua tofali, wa pili muuza mkaa na kibanda chake, wa tatu kibanda kina bati, wa nne kina mpangaji. Ofisa mipango miji anayejua kazi yake anajaza nafasi hiyo kwa matumizi ambayo yatamfukuza mvamizi bila askari.

Silaha ya kwanza ni barabara. Ukipitisha barabara kati ya nyumba na mto, hata ya vumbi, nyumba zinaupa mto uso. Milango, vibaraza na biashara vinatazama kule. Bila barabara, nyumba zinaupa mto kisogo, na kisogoni mwa nyumba ndiko kunakojengwa choo na kumwagwa taka. Nimeona mchoro ambao ofisa aliufuta na kuuchora upya usiku kucha kwa sababu hiyo moja tu, kugeuza safu ya viwanja 14 itazame upande wa pili. Mwenye kiwanja cha mbele hatamruhusu mtu ajenge kibanda cha kumzibia upepo. Analinda mpaka wa mto kwa wivu wake mwenyewe, bila mshahara.

Silaha ya pili ni kilimo na michezo. Mchicha, matembele na mpunga vya mabondeni vinalisha masoko ya jiji. Mafuriko yakipita, bustani inapandwa upya ndani ya wiki chache, wakati nyumba haipandwi upya. Viwanja vya mpira vya Jangwani vimelinda ardhi ile kuliko mabango. Kwenye kingo zinazokatika hupandwa matete, mianzi na majani ya vetiva yenye mizizi inayozama chini, na karibu na mdomo wa mto mikoko inajua kazi yake bila kufundishwa, mradi isikatwe kuni.

Katikati ya hayo kuna mikanda. Mchoro mzuri hauna ukuta mmoja wa ndiyo na hapana. Karibu kabisa na maji hapajengwi kitu. Nyuma yake, panaposhikwa na maji mara chache, panaruhusiwa soko la wazi, maegesho, uwanja. Nyuma zaidi, nyumba zinaruhusiwa lakini sakafu ipandishwe mpaka kimo kilichotajwa kwenye kibali. Kibali kinachotaja kimo cha sakafu kinafanya rasmi kile ambacho bibi alikuwa akikifanya kwa tofali zake.

Mfano wa kukosea nao uko pale pale bondeni. Karakana ya mabasi yaendayo kasi iliwekwa Jangwani, na tangu mabasi yaanze kazi mwaka 2016 imefurika mara kwa mara, mabasi yakiwa ndani. Haikuwekwa na mwananchi asiye na elimu ya ramani.

Mpango wa bonde la Msimbazi uliokamilika mwaka 2019 ulikuja baada ya miezi ya vikao vilivyowakalisha meza moja wahandisi, taasisi za Serikali na wakazi, na mwaka 2022 Benki ya Dunia iliidhinisha mkopo wa dola milioni 200 kwa ajili ya mradi uliotokana nao. Wazo lake la msingi kwa bonde la chini nalipenda kwa ujasiri wake. Badala ya kuuliza mstari wa mafuriko uko wapi na kukimbia kutoka hapo, unausogeza mstari wenyewe: kuchimba na kupanua mkondo ili maji yapate nafasi, udongo unaochimbwa kuunyanyulia matuta mapana pembeni yanayoweza kujengwa kwa usalama, na katikati kuacha bustani kubwa ya jiji inayokubali kufurika. Daraja refu la Jangwani nalo limo kwenye kazi hiyo. Waholanzi walikuwa na mkono katika utaalamu huo, na kwao walishafanya jambo linalofanana: Nijmegen, kwenye mto Waal, waliurudisha tuta la kuzuia maji nyuma kwa mita 350 na kuchimba mkondo wa pili, na nyumba zipatazo 50 zikapisha. Tofauti ni kwamba kule mazungumzo na wenye nyumba yalitangulia mashine. Hapa, waliovunjiwa 2015 wana haki ya kuuliza kwa nini mpango ulichelewa kuliko tingatinga.

Nilikaa na ofisa mmoja akimalizia mchoro wa kijito kinachoingia Msimbazi. Mstari wa mafuriko ulikuwa wa buluu, wa kuporomoka kwa ukingo wa kahawia, na yeye alikuwa akichora wa tatu, mwekundu, unaofuata ule ulioko mbali zaidi na mto kila mahali. Huo mwekundu ndio utakaopewa namba, usimikwe nguzo za zege na kusajiliwa. Ungeweza kuchorwa na kompyuta kwa kubofya mara moja, ungetoka na meno mengi yasiyofuatika. Alikuwa anaunyoosha kwa mkono, kipande kwa kipande, akitafuta mahali unapoweza kulala juu ya mpaka wa kiwanja uliopo, au kwenye uchochoro, au kwenye safu ya miembe, ili mjumbe wa mtaa aweze kumwonyesha mtu bila ramani. Kila aliponyoosha, alinyoosha kuelekea juu, mbali na maji, isipokuwa sehemu moja. Hapo palikuwa na kisima cha msikiti, ambacho mstari uliokuwa ukipita mita chache nyuma yake ungekiacha ndani. Aliukunja ukazunguka kisima, kisha akaandika pembeni kwa herufi ndogo kwamba kisima kibaki, mdomo wake upandishwe juu ya kimo cha maji kilichotajwa, na jengo lolote jipya lisiongezwe.

Chini ya mchoro aliongeza sharti kwamba mstari upimwe upya kila maji yatakapovuka alama iliyochorwa kwenye nguzo ya daraja dogo la waenda kwa miguu. Mwenzake wa meza ya pili alimwambia kamati ya mipango miji italiondoa sharti hilo, kwa sababu kamati haipendi mpaka unaoweza kurudi kwao. Akajibu kwamba wakiliondoa ataliweka kwenye mchoro unaofuata, akamwomba amsogezee rula.